Je, Chombo Kina Hatia?

Mwaka 2023, katika muhula wa kwanza, alinijia shuleni mzee mmoja, babu wa mwanafunzi wangu wa kidato cha kwanza. Alikuwa ameletwa na pikipiki ya bodaboda, na mwendeshaji akamngoja langoni. Jambo lililomleta lilikuwa fupi: alitaka mjukuu wake aondolewe katika kipindi cha Kiswahili. Nikamweleza kwa Kiganda, kwa kuwa ndiyo lugha tuliyosalimiana kwayo, kwamba Baraza la Mawaziri la Uganda liliamua mwezi Julai 2022 kuwa Kiswahili kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari, na kwamba mimi sina mamlaka ya kumruhusu mtoto asisome. Hakubishana nami juu ya amri hiyo. Aliniuliza swali moja tu: "Mwalimu, kisu kilichomchinja mtu wa nyumbani kwako, ungekitumia kukatia vitunguu?"

Nilimjibu upesi, kama tujibuvyo sisi walimu tunapokiogopa kimya, kwamba kisu hakina hatia, na mwenye hatia ni mkono ulioshika kisu. Mzee akanitazama kitambo, kisha akasema, "Hilo ni jibu la mtu ambaye hakukiona kisu chenyewe." Akaenda langoni, akapanda pikipiki, akaondoka.

Nilibaki nikiitazama pikipiki ile mpaka ikapotea kwenye vumbi. Mimi ni mpenzi wa pikipiki. Ndiyo inipelekayo kazini kila siku, na kwa miaka mingi nimekuwa nikisoma habari za asili yake. Jioni ile nikaona kwamba swali la mzee, ambalo nililijibu vibaya kwa kisu, huenda likajibika vizuri zaidi kwa pikipiki ndogo. Kisu hakitufunzi mengi, kwa sababu kisu cha jikoni na kisu cha muuaji ni kimoja. Pikipiki ndogo, kwa upande wake, ni chombo kilichopelekwa vitani na kurudishwa nyumbani zaidi ya mara moja, na kila safari iliacha katika chuma alama zinazoonekana kwa macho. Naomba basi, walimu wenzangu, mnivumilie nikitembea nanyi mbali kidogo kabla hatujarudi darasani.

Lakini kwanza tuisikilize lugha yenyewe. Sisi tunaofundisha mnyambuliko wa vitenzi twajua kwamba *kutumia* kumezaliwa na *kutuma*. Katika shina hilo moja wamo mtume, mtumishi na mtumwa, na yamo matumizi. Kwa jicho la Kiswahili, basi, atumiaye kitu ni kama amtumaye mtu. Na wahenga walikwisha kutuambia kwamba mjumbe hauawi. Yaelekea, kwa hiyo, lugha yetu iko upande wangu dhidi ya mzee. Walakini kinga ile ya mjumbe ina sharti ambalo methali haikulitaja kwa kuwa kila mtu alilijua: mjumbe awe amebeba maneno tu. Akificha jambia ndani ya joho lake, si mjumbe tena.

Haya, twende Ujerumani. Katika mji wa Zschopau, kampuni ya DKW ilikuwa ikiunda pikipiki ndogo za bei nafuu kwa watu wasio na uwezo wa kununua motokaa. Mojawapo ilikuwa na injini ya sentimita za ujazo 98, nayo iliuzwa pia Uholanzi na kampuni moja ya Rotterdam. Miongoni mwa wakuu wa kampuni hiyo walikuwamo Wayahudi. Chini ya utawala wa Kinazi hilo lilitosha kuwa kosa, na uwakala wao ukakatwa. Wafanyabiashara wale wakaiendea kampuni ya Royal Enfield huko Redditch, Uingereza, wakaiomba iwaundie pikipiki ya mfano uleule, ila injini yake iwe kubwa kidogo, ya sentimita za ujazo 125 hivi. Pikipiki hiyo ilionyeshwa Rotterdam mwaka 1939. Mwaka huohuo vita vikazuka, na mwezi Mei 1940 Uholanzi ikavamiwa.

Jeshi la Uingereza ndilo lililoikomboa pikipiki hiyo kutoka katika usahaulifu. Askari wa miavuli walihitaji chombo chepesi ambacho kingeweza kushushwa pamoja nao kutoka angani, na hii, yenye uzito wa kilo 60 hivi, mtu mwenye nguvu aliweza kuinyanyua juu ya ukuta au kuivusha mtaro. Mafundi wakaifanyia marekebisho: mishikio ya usukani ikaweza kukunjwa, kifuniko cha tangi kikazibwa ili petroli isimwagike ikigeuzwa, na bomba la moshi likaongezewa kinyamazisho ili sauti isisikike mbali. Ikatiwa ndani ya fremu ya mabomba ya chuma, fremu ikafungwa mwavuli, ikaangushwa. Askari wakaipa jina ambalo kwa Kiswahili ni sawa na kusema Kiroboto Arukaye. Ilitumika Normandy mwezi Juni 1944, na Arnhem, Uholanzi, mwezi Septemba mwaka huo.

Msomaji na autazame mzunguko huo. Mashine ya Kijerumani ilivuka bahari kwa sababu Wajerumani wenyewe waliwadhulumu wauzaji wake. Na ilipovuka tena kurudi, iliwaangukia Wajerumani kutoka mbinguni, katika nchi ileile ya wale waliodhulumiwa. Angekuwa mtunzi wa hadithi ndiye aliyebuni kisa hiki, tungemwambia amezidisha chumvi. Yuko atakayesema kwamba hapa chombo kilikuwa upande wa haki, kwa hiyo swali la hatia halipo. Mimi naona lipo. Kazi kubwa ya pikipiki ile ilikuwa kupeleka ujumbe kutoka kikosi hadi kikosi. Huko Arnhem redio nyingi hazikusikilizana, hata vikosi vilivyokuwa karibu havikujua habari za wenzao, na ujumbe ukawa jambo la kufa na kupona. Askari wa Uingereza na wenzao walioshuka kaskazini ya mto walikuwa takribani 10,000. Waliorudi hawakufika robo, na wengine wote waliuawa au walitekwa. Mtu aliyepanda pikipiki na karatasi mfukoni hakumpiga mtu risasi. Lakini karatasi ile ikiwa imeandikwa "shambulieni", yeye aliyeibeba yu wapi katika hesabu ya damu? Methali yetu inamwokoa asiuawe; haikusema kwamba hahusiki.

Walakini si Kiroboto aliyenifunza zaidi. Aliyenifunza ni ndugu yake mdogo. Karibu na Welwyn, kaskazini ya London, kulikuwa na nyumba iliyotumiwa na idara ya siri ya Uingereza kubuni zana za kazi za vificho. Huko ndiko ilikobuniwa pikipiki iitwayo Welbike, na kampuni ya Excelsior ya Birmingham ikaziunda zaidi ya 3,600. Ilikuwa na injini ya Villiers ya sentimita za ujazo 98 na uzito wa kilo 32 hivi, yaani chini ya gunia la saruji. Iliweza kukunjwa ikaingia ndani ya pipa refu jembamba la kushushia vifaa kwa mwavuli. Likitua pipa, askari hulifungua, huiinua nguzo ya usukani na kiti, huisukuma mpaka injini ishike, akaondoka. Kusudi lake halikuwa kupigana, bali kumtoa mtu haraka mahali aliposhukia na kumfikisha kwa wenziwe.

Sasa tazama jinsi ilivyopatikana kuwa nyepesi hivyo. Haikuwa na taa. Haikuwa na springi. Haikuwa na breki ya mbele. Breki ilikuwa moja tu, ya nyuma. Magurudumu yake yalikuwa madogo kama ya kigari cha mtoto, hata askari wengine waliitupa njiani kwa kuwa ilishindwa na mashimo ya barabara. Kila kilichomfaa mwendeshaji kwa safari ya kurudi kiliondolewa, kikabaki kile tu cha kumfikisha.

Hapo ndipo nilipositasita na kusoma tena. Mimi nilidhani kwamba chombo cha amani hugeuzwa kuwa cha vita kwa kuongezewa kitu: bunduki, bamba la chuma, rangi ya majani. Wakati mwingine ni hivyo. Lakini mara nyingi vita hukigeuza chombo kwa kukipunguza. Huondolewa taa, kwa kuwa mwenye kuificha safari hataki kuonekana. Huondolewa springi, kwa kuwa maumivu ya mwendeshaji hayahesabiwi. Huondolewa breki, kwa kuwa hakuna aliyefikiria kusimama. Na baada ya vita, pikipiki hiyohiyo ilipofanywa ya raia kwa jina la Corgi, ilirudishiwa taa, na baadaye ikapewa hata gia mbili. Kuileta nyumbani kulikuwa ni kuirudishia ilivyonyang'anywa.

Ule mfano wa kuongeza nao upo, tena ni wa ajabu. Mwaka 1946 kiwanda cha Piaggio huko Pontedera, Italia, ambacho wakati wa vita kiliunda ndege na kikapigwa mabomu, kilianza kuuza skuta iitwayo Vespa, iliyobuniwa na Corradino D'Ascanio, fundi wa ndege. Vespa maana yake ni nyigu. Mhandisi yule aliifunika injini ili mafuta yasichafue nguo, akaacha nafasi mbele ya kiti ili hata aliyevaa sketi apande bila taabu. Ni vigumu kukipata chombo kilichobuniwa kwa upole zaidi. Miaka kumi baadaye, Ufaransa ikiwa katika vita vya Algeria, kiwanda cha Kifaransa kilichokuwa na leseni ya kuiunda Vespa kiliunda mia kadhaa kwa ajili ya askari wa miavuli, na juu yake ukawekwa mzinga wa milimita 75, wa aina isiyosukuma nyuma unapofyatuliwa. Nyigu akapewa mwiba. Zilishushwa mbilimbili: moja na mzinga, nyingine na makombora. Mzinga kwa kawaida haukukusudiwa kufyatuliwa ukiwa juu ya skuta. Ulipaswa kuteremshwa na kuwekwa juu ya miguu mitatu ardhini. Yaani skuta ilikuwa hamali tu. Ila ili mtutu upite, lile bamba la mbele lililobuniwa kuikinga miguu ya mwendeshaji lilitobolewa. Mzinga ukiondolewa, tundu linabaki.

Nikawa na matukio mawili mbele yangu: chombo kilichopunguzwa, ambacho chaweza kurudishiwa, na chombo kilichotobolewa, ambacho hata kikisafishwa kitaonyesha tundu. Yote mawili yananikatalia jibu lile nililompa mzee. Anayebadilisha chombo kwa ajili ya vita huacha nia yake ndani ya chuma. Siyo kweli, basi, kwamba nia imo mkononi tu. Kuna nyakati ambapo ni kweli, nami sitaki kuzificha. Tarehe 1 Juni 2021, hapa Kampala, watu wenye bunduki waliokuwa juu ya pikipiki walilishambulia gari la Jenerali Katumba Wamala, aliyekuwa waziri. Yeye alinusurika, binti yake na dereva wake wakauawa. Pikipiki zile hazikuwa zimeongezewa kitu wala kupunguziwa kitu. Siku iliyotangulia, pikipiki za namna hiyohiyo zilibeba ndizi, watoto wa shule na kina mama wajawazito, na kesho yake ziliendelea kubeba. Hapo nakubali: chombo hakina lolote, na kuwashuku wapanda pikipiki wote ni dhuluma.

Wala tusimsahau yule aliyebuni. Pikipiki iitwayo DKW RT 125, dada mkubwa wa ile ya Rotterdam, ilibuniwa na Hermann Weber, ikatoka mwaka 1939. Vita vilipokwisha, michoro yake iligawanywa kama nyara. Waingereza wakaiunda upya kwa jina la BSA Bantam mwaka 1948, na vijana wa posta wakaipanda kupeleka simu za maandishi mlangoni mwa watu; Harley-Davidson ya Marekani ikafanya yake; Warusi wakafanya yao; na pikipiki ya kwanza kabisa ya Yamaha, ya mwaka 1955, ni mwana wa mchoro huohuo. (Wavuvi wa Ziwa Nyanza wanaofunga injini ya Yamaha nyuma ya mtumbwi wanajua jina hilo kuliko mimi.) Weber mwenyewe alichukuliwa Urusi, akafia huko mwaka 1948. Alibuni chombo cha raia. Lakini kampuni mama ya DKW, Auto Union, iliwatumikisha kwa nguvu wafungwa wa kambi za Kinazi wakati wa vita. Mchoro safi, mikono iliyolazimishwa. Anayetaka hesabu rahisi ya hatia na asilisome jambo hili.

Sasa turudi darasani, maana mzee yule hakunijia kwa ajili ya pikipiki. Kisu alichokisema ni Kiswahili. Katika Uganda lugha hii, ambayo kwenye pwani ilikuwa ya biashara, ya elimu na ya tenzi, ilichukuliwa na jeshi la King's African Rifles, lililoundwa mwaka 1902, ikafanywa lugha ya amri. Polisi nao wakaitumia. Idi Amin, aliyeingia jeshi hilo mwaka 1946, alitawala tangu 1971 hadi 1979, na mwaka 1973 alikitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa. Raia wengi wa kusini mwa nchi hawakukisikia kwanza kwa mwalimu wala kwa mfanyabiashara. Walikisikia kwenye kizuizi cha barabarani, usiku, nyuma ya tochi.

Kabla hajaniuliza swali lake, mzee alikuwa amenihesabia maneno ya Kiswahili anayoyajua. Simama. Lala chini. Nyamaza. Toa kitambulisho. Lete. Fungua. Kimbia. Wakati ule niliyasikia kama malalamiko. Siku zilipopita nikayasikia kwa sikio la mwalimu wa sarufi, nikatambua kwamba ile ilikuwa ni Welbike. Jeshi halikukiongezea Kiswahili kitu. Lilikipunguza. Liliondoa hodi, likaondoa tafadhali, samahani, naomba, pole. Liliondoa upatanisho wa ngeli, kwa kuwa amri haihitaji upatanisho. Liliondoa hata nafsi: katika "Simama!" hakuna kiambishi cha nafsi, hakuna wewe wala mimi, kuna kitendo kitupu kinachodai kutendeka. Katika "Naomba usimame" watu wawili wamerudi, mwombaji na mwombwaji, na yule mwombwaji anaweza hata kukataa. Lugha isiyo na breki ya mbele imfikishe anayeipanda, lakini isitarajiwe kusimama mbele ya mtu.

Naomba nisieleweke vibaya. Si kila askari alisema hivyo, na wako wanaosimulia kwamba mwaka 1979 walishangaa kuwasikia askari wa Tanzania wakiwaita "ndugu" kwa lugha ileile. Wala sisemi kwamba lugha ya kambini si Kiswahili. Ni Kiswahili, kama vile Welbike ilivyo pikipiki. Nasema tu kwamba mzee hakukosea kuuona mkono ndani ya kisu. Tena limo jambo la tundu. Hata nikimfundisha mzee huyo hodi na karibu mpaka azimudu, nafasi ulimopita mtutu haitazibika kwa zoezi la sarufi.

Lililonisumbua zaidi lilikuwa karibu kuliko historia. Kwa miaka mingi nilikuwa nikianza kidato cha kwanza kwa amri. Vitabu vingi hufanya hivyo, nasi walimu twapenda, kwa kuwa shina la kitenzi ni jepesi na darasa linachangamka: Simama! Kaa! Njoo! Fungua mlango! Funga kitabu! Watoto hucheka, huinuka na kuketi, na baada ya dakika 40 mwalimu huona kwamba amefundisha. Nilikaa na andalio langu la somo la kwanza, nikaliweka kando ya maneno ya mzee. Saba niliyoyasikia kwake, manne yalikuwamo katika andalio langu.

Nimelibadilisha somo hilo. Sasa juma la kwanza zima ni la salamu, na mtoto haingii darasani mpaka apige hodi akaribishwe, jambo linalotupotezea dakika tano kila siku na kuwaudhi wenzangu wa darasa la jirani. Amri nazifundisha katika juma la sita, baada ya dhamira tegemezi, ili mtoto aijue njia ndefu kabla ya kuijua ya mkato. Mwalimu mmoja wa siku nyingi ameniambia kwamba nawachosha wanaoanza, na kwamba "naomba mketi" ni sarufi nzito kwa mtoto wa juma la pili. Labda ni kweli; matokeo ya mtihani wa muhula wa kwanza hayakupanda.

Mjukuu wa mzee yule yumo darasani. Huketi karibu na mlango, hasemi sana, na kazi zake za nyumbani huzileta kwa wakati, zimeandikwa kwa hati ya haraka kama ya mtu aliyeziandika njiani. Sijamwuliza kama babu yake anajua kwamba anazifanya. Mzee hajarudi shuleni, nami, nikikutana naye kituoni ambapo pikipiki hungojea abiria, humsalimu kwa Kiganda.